Mtoto si rehani ya mahari
Kijana na binti wakizaa pasipo ndoa, wazee huanza kuteta: huku wadai fidia, kule wamficha mwana wao. Mtoto je? Hagari aliketi mbali asimwone Ishmaeli akifa, lakini Mungu alisikia sauti ya kijana. Sheria ya Jamaa ya Kongo ya mwaka 1987 yataka kila mtoto awe na baba, wala mtu hana haki ya kumkana mwanawe, hata wa nje ya ndoa. Nayo Kanuni ya 877 ya Kanisa (1983) yaagiza: baba akikiri mbele ya paroko na mashahidi wawili, jina lake laandikwa katika kitabu cha Ubatizo. Basi asifukuzwe mlangoni kwa ajili ya mahari. Hilo ni deni la wazee. Lakini aje na maziwa na dawa, si jina tu.