Yosefu Alikuwa Mwana wa Nani?

Mahubiri juu ya vizazi vya Bwana wetu Yesu Kristo
Masomo: Matayo 1:1-25, Luka 3:23-38, Ruti 4:9-22



Kuna mistari ya Biblia ambayo wengi wetu tunairuka. Tukifika penye majina mengi, fulani alimzaa fulani, fulani alimzaa fulani, tunafunua ukurasa na kutafuta habari yenye utamu. Hata yule anayesomea mkutano siku ya ibada anayapita majina hayo mbio mbio, kama mtu anayevuka mto juu ya mawe.

Lakini wale wanaotaka kutikisa imani yetu hawayaruki. Wanamngoja kijana wetu njiani anapotoka kwenye mazoezi ya kwaya, wanafungua Matayo, wanafungua Luka, wanamwuliza: «Yosefu, mume wa Maria, alikuwa mwana wa nani? Matayo anasema wa Yakobo. Luka anasema wa Eli. Mtu mmoja anazaliwa na wanaume wawili? Basi mmoja wao amesema uongo.» Na kijana anarudi nyumbani kimya, na haya moyoni. Akimwuliza mzee wa kanisa, mara nyingine anajibiwa: «Usiulize mambo kama hayo, ni dhambi.» Hapana, ndugu. Kuuliza si dhambi. Mtume Petro anatuagiza tuwe tayari kumjibu kila anayetuuliza juu ya tumaini letu, na tumjibu kwa upole (1 Petro 3:15). Basi leo tujibu.

1. TUITAZAME SHIDA YENYEWE

Tusiifiche. Matayo anaanza juu na kushuka, kutoka Ibrahimu mpaka Yesu. Luka anaanza chini na kupanda, kutoka Yesu mpaka Adamu, na kutoka Adamu mpaka kwa Mungu. Kutoka Ibrahimu mpaka Daudi wanakwenda pamoja vizuri. Lakini wakifika kwa Daudi njia inagawanyika. Matayo anapita kwa Sulemani na wafalme wa Yuda. Luka anapita kwa Natani, mwana mwingine wa Daudi, aliyezaliwa Yerusalemu na mama yule yule wa Sulemani (1 Mambo ya Nyakati 3:5). Njia zinakutana tena kwa Shealtieli na Zerubabeli, lakini hata pale Matayo anasema Shealtieli ni wa Yekonia, na Luka anasema ni wa Neri. Kisha zinaachana tena mpaka kwa Yosefu.

Tena Matayo anasema Yoramu alimzaa Uzia. Lakini ukisoma 1 Mambo ya Nyakati 3:11-12 utaona kwamba katikati yao kuna wafalme watatu: Ahazia, Yoashi na Amazia. Wamekwenda wapi?

Hii ya wafalme ni nyepesi, tuimalize kwanza. Katika lugha ya Wayahudi, «kuzaa» ni kuzaa mwana, ni kuzaa mjukuu, ni kuzaa kitukuu pia. Yesu mwenyewe aliitwa Mwana wa Daudi, na kati yake na Daudi kulipita miaka karibu elfu moja. Matayo alitaka majina yakae mafungu matatu ya vizazi 14, kusudi yashikwe moyoni kwa urahisi. Na herufi za jina la Daudi katika Kiebrania zikihesabiwa ni 4, na 6, na 4: jumla 14. Kila fungu linaita: Daudi, Daudi, Daudi. Msomaji Myahudi aliyejua vitabu vya wafalme wake hakudanganyika. Alijua wale watatu wako wapi, akaelewa pia kwa nini wamepitwa.

2. BABA WA DAMU NA BABA WA JINA

Sasa tufike kwa baba wawili. Wanaotucheka wanafikiri kwamba mtu hawezi kuwa na majina mawili penye nafasi ya baba. Lakini sisi tuliozaliwa katika nchi hii tunalifahamu jambo hili kuliko wao.

Kwetu Katanga, Waluba wengi wanahesabu ukoo kwa upande wa baba, na Wabemba wanauhesabu kwa upande wa mama. Mwanamume Muluba akimwoa binti Mubemba, wakapata mtoto, mwite baba mdogo wa mtoto na umwambie: «Nitajie wazee wa mtoto huyu.» Atataja majina. Kisha mwite mjomba wake, umwulize neno lile lile. Atataja majina mengine kabisa. Orodha mbili, mtoto mmoja. Nani amesema uongo? Hakuna. Kila mmoja ametaja njia ambayo mtoto amefika nayo kwake.

Wayahudi nao walikuwa na sheria yao. Katika Kumbukumbu la Torati 25:5-6 imeagizwa kwamba mtu akifa bila mwana, ndugu yake atamchukua mjane, na mzaliwa wa kwanza atasimama kwa jina la yule marehemu, kusudi jina lake lisifutike katika Israeli. Hatusemi kwamba desturi hiyo irudi. Wamama wengi wajane wameteswa katika nchi yetu kwa jina la desturi kama hiyo. Tunasema tu kwamba kwa sheria ile mtoto alikuwa na baba wawili: mmoja wa damu, mmoja wa jina na wa urithi.

Mnataka ushahidi? Fungueni Ruti sura ya 4. Katika mstari wa 10 Boazi anatangaza mbele ya wazee mlangoni kwamba anamchukua Ruti ili jina la marehemu Maloni lisimame juu ya urithi wake. Kwa hiyo Obedi alisimamisha jina la Maloni. Katika mstari wa 17 wanawake majirani wanasema mtoto amezaliwa kwa Naomi. Kisha katika mstari wa 21 imeandikwa kwamba Boazi alimzaa Obedi. Sura moja, mtoto mmoja, na watu watatu wanahesabiwa kuwa naye! Hakuna aliyesema kwamba kitabu cha Ruti kinajipinga. Na huyu Obedi ni nani? Ni babu ya Daudi. Amo katika orodha ya Matayo, amo katika orodha ya Luka. Mlango tunaotafuta ufunguo wake ulikuwa wazi tangu zamani.

Kwa hiyo kuna njia mbili ambazo Wakristo wamezifuata.

Njia ya kwanza ni ya zamani sana. Katika karne ya tatu Mkristo mmoja, Julius Africanus, aliandika barua juu ya neno hili, na Eusebius akaiweka katika kitabu chake cha historia ya Kanisa. Alisema habari yake ilitoka kwa jamaa za Bwana kwa mwili. Yakobo na Eli walikuwa ndugu wa mama mmoja na baba mbalimbali. Eli alikufa bila mtoto. Yakobo akamchukua mjane, akamzaa Yosefu. Basi kwa damu Yosefu ni wa Yakobo, kama Matayo anavyosema. Na kwa sheria ni wa Eli, kama Luka anavyosema.

Njia ya pili inasema kwamba Luka anafuata upande wa Maria. Katika sura zake mbili za kwanza anamfuata Maria zaidi kuliko Yosefu. Na alipoanza orodha alisema kwamba watu walidhani tu kuwa Yesu ni mwana wa Yosefu. Kufuata njia hii, Eli ni baba ya Maria, na Yosefu amehesabiwa kwake kama mwana kwa ajili ya ndoa. Jambo hilo nalo limo katika Biblia. Sheshani hakuwa na wana wa kiume, akampa binti yake Yarha, mtumishi wake Mmisri, na watoto wao wakahesabiwa katika ukoo wa Sheshani (1 Mambo ya Nyakati 2:34-41). Na katika Ezra 2:61 kuna kuhani aliyeoa binti ya Barzilai wa Gileadi, akaitwa kwa jina la ukoo wa mke wake.

Ndugu, mmoja akishika njia ya kwanza na mwenzake ya pili, wasigombane mpaka kuvunja ushirika. Njia zote mbili zinasimama juu ya mwamba mmoja: mbele ya Mungu na mbele ya sheria, mtu anaweza kuwa mwana kweli kweli wa mtu ambaye hakumzaa kwa mwili.

3. YOSEFU NAYE ALIMPOKEA MTOTO

Na hapa ndipo Roho wa Mungu alipotaka kutufikisha. Someni tena Matayo. Fulani alimzaa fulani, fulani alimzaa fulani, mpaka Yakobo alimzaa Yosefu. Tunangojea sasa: Yosefu alimzaa Yesu. Lakini Matayo hasemi hivyo! Anasema Yosefu alikuwa mume wa Maria, na ni kwa Maria Yesu alizaliwa. Kamba imekatika mahali pale pale ambapo tuliitaka ifike.

Nani aliiunga tena? Soma mstari wa 20 mpaka 25. Malaika anamwita Yosefu mwana wa Daudi, anamwambia asiogope, tena anampa kazi: wewe utampa mtoto jina. Yosefu akaamka, akamchukua mke wake, na mtoto alipozaliwa akamwita Yesu. Kumpa jina ni kusema mbele ya watu: huyu ni wangu. Kwa neno lile moja la fundi seremala wa Nazareti, mtoto akaingia katika nyumba ya Daudi, na ahadi ya miaka elfu moja ikatimizwa.

Angalieni basi. Kama tukifuata habari ya Africanus, Yosefu mwenyewe alichukua jina la baba ambaye hakumzaa. Na yeye akawa baba wa mtoto ambaye hakumzaa. Kama Yosefu angesema, «Huyu si damu yangu, aende kwao,» angekwenda wapi?

4. ORODHA INATUULIZA SISI

Wapendwa, tumewajibu wanaotuuliza. Sasa orodha yenyewe inatuuliza sisi.

Katika nyumba zetu kuna watoto wa marehemu kaka, watoto ambao mke alikuja nao, yatima waliookotwa wakati wa vita. Wanakula nyuma ya wengine. Ada ya shule ikikosa, wao ndio wanaokatwa kwanza. Ugonjwa ukiingia nyumbani, wao wanaitwa wachawi na kufukuzwa usiku. Na baba wa nyumba anaimba kanisani kwa sauti kubwa habari za Mwana wa Daudi! Hajui kwamba Mwana wa Daudi alikuwa mtoto wa kupokelewa?

Tena wengi wetu tunakumbuka miaka ya 1992 na 1993, wakati mkoa wetu ulipokuwa bado unaitwa Shaba. Katika Likasi na Kolwezi watu waliulizwa: baba yako ni wa wapi? Wale waliokuwa na asili ya Kasai walifukuzwa katika nyumba zao, hata waliozaliwa hapa, hata waliozika wazazi wao hapa. Maelfu walilala kwenye vituo vya gari la moshi wakingojea treni, na wengi walikufa palepale au njiani. Mume alitengwa na mke, mtoto na mama. Orodha ya wazee, ambayo Mungu ameiweka ili mtu ajue kwao, ikafanywa fimbo ya kumfukuza jirani.

Sasa weka orodha hiyo ya chuki kando ya orodha ya Matayo. Amemo Tamari. Amemo Rahabu, mwanamke wa Yeriko, Mkanaani. Amemo Ruti Mmoabi, na sheria ilikataza Mmoabi asiingie katika mkutano wa Bwana (Kumbukumbu 23:3). Amemo mama ambaye Matayo anamtaja kwa jina la mume wake aliyeuawa, Uria Mhiti. Matayo aliwaruka wafalme watatu wa Yuda, lakini yule mwanamke mgeni aliyeokota masuke hakumruka!

Na nabii Simon Kimbangu, ambaye Mungu alimwinua Nkamba mwaka 1921, alikuwa Mukongo kutoka mbali sana na sisi. Alihukumiwa kufa, kisha hukumu ikageuzwa kuwa kifungo cha maisha. Miaka 30 alikaa gerezani, na alifia hapa Elisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi, tarehe 12 Oktoba 1951. Hakuwa na ukoo hapa. Lakini leo Muluba na Mubemba, Mukasai na Mukongo wanamwita baba, na hakuna anayemwuliza mwenzake ametoka tumbo gani.

Luka naye anapanda mpaka Adamu, na baada ya Adamu anaandika Mungu. Hapo ndipo orodha zote za wanadamu zinafika. Mhesabu Muluba, mhesabu Mukasai, ukipanda vya kutosha utafika kwa baba mmoja.

Paulo alimwonya Timoteo asiwaache watu wapotee katika vizazi visivyo na mwisho (1 Timoteo 1:4). Hakukataza kusoma majina. Alikataza majivuno na magomvi ya majina. Basi tuyasome, na tukiyamaliza, kila mmoja arudi nyumbani kwake na amtafute yule mtoto anayekula nyuma ya wengine. Amwite kwa jina lake mbele ya wote, na aseme kama Yosefu alivyotenda: huyu ni wangu.

Bwana Yesu, mtoto uliyepokelewa na Yosefu, ututie katika ukoo wa Baba yako sisi tusiostahili, na utupe moyo wa kuwapokea wengine. Amina.