Kivuli cha Mti wa Miiba
(Waamuzi 9:7–15)

Miti ilitafuta mfalme. Mzeituni ukakataa, mtini ukakataa, mzabibu nao ukakataa. Ukabaki mti wa miiba, ukawaita wote waje kivulini mwake. Hebu niambie, mti wa miiba una kivuli gani?

Sisi wa Matulo, ukungu ukiondoka asubuhi, Mlima Elgon tunauona. Kule Chebyuk watu walikuwa na kilio cha kweli cha mashamba, nisidanganye hapa madhabahuni. Mtu anayefukuzwa shambani hutafuta kivuli popote. Ndipo likainuka kundi la SLDF, na kiongozi wake, Wycliffe Matakwei, akaogopwa kuliko chifu na polisi. Vijana wake walitoza watu kodi, wakakata masikio, wakaua hata Wasabaoti wenzao. Waliokufa walipita 600. Abimeleki naye alianza na ndugu zake 70, juu ya jiwe moja!

Abimeleki alitawala miaka 3 tu. Machi 2008 jeshi lilipanda mlimani, Operesheni Okoa Maisha, na Mei Matakwei akauawa.

Kuna waliopiga makofi. Mimi yangu ilikuwa mizito. Wanajeshi nao walikusanya wanaume, wakawatesa pale Kapkota, na wengine hawajaonekana hadi leo. Wake zao hawana hata kaburi la kulilia.

Sasa dada wa kutoka huko akiketi karibu nawe leo, usimuulize mumewe alikuwa upande gani. Sogea, mpe nafasi kwenye benchi, muombe pamoja.