Karatasi ya Kishoka

Septemba 2013, Operesheni Kimbunga ya kuwaondoa wahamiaji haramu ilipopita Kigoma, Kagera na Geita, watu wa Gwarama, mkoani Kigoma, waligundua kuwa kusema Kiha hakumkingi mtu. Lugha za Kiha na Kirundi zinakaribiana mno. Askari mgeni hawezi kuzitenganisha kwa sikio, na sioni haki ya kumtaka aweze. Wapo waliofikishwa mpakani huku wakidai kuwa ni Watanzania.

Mkulima wa simulizi hii, ambaye ni wa kutunga ingawa walio kama yeye ni wengi, alinusurika mwaka ule. Hofu ikabaki. Baba yake alikuwa Muha wa hapahapa, mama yake alivuka kutoka Ruyigi, Burundi, akaolewa. Uraia wa baba ulimtosha. Lakini yeye aliona asili ya mama ni doa, akauza magunia mawili ya maharage na kumlipa kishoka mmoja mjini, dalali wa nyaraka. Akaandikiwa kiapo kwamba mama amezaliwa Kasulu, chini yake saini za mashahidi ambao hajawahi kuwaona. Akakihifadhi kiapo hicho kama hati ya shamba.

Miaka ikapita. Alipokwenda kuomba kitambulisho cha taifa, alikitoa kiapo kile mwenyewe, tena kwa majivuno. Mama akahojiwa peke yake. Bibi wa watu hakuambiwa kwamba kuna uongo wa kulinda.

"Mimi ni wa Ruyigi," akasema.

Jioni hiyo mwanawe alikuwa mahabusu, anasubiri kuondoshwa nchini.

Msaidizi wa kisheria wa kata hakumtoza hata senti. Ndivyo inavyotakiwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017. Ila wasaidizi hawasimami mahakamani, kwa hiyo akamtafutia wakili wa kujitolea. Wakili akakusanya cheti cha ubatizo cha baba, cheti cha shule ya msingi, wazee watatu wa kitongoji. Ushahidi ulitosha tangu zamani, na ulikuwa wa bure.

"Kaka, ungekuja na hivi tu, kazi yangu ingekuwa nyepesi," akamwambia. "Sasa kila nikisema baba yako ni Mtanzania, wananiuliza kwa nini ulidanganya kuhusu mama."

Hakuondoshwa nchini. Kesi ya kiapo cha uongo, hata hivyo, ilimfuata msimu mzima wa kupanda.

Mdogo wake, tumbo moja, alikwenda na mama ofisini, akaandika Ruyigi penye nafasi ya mahali alipozaliwa mama, akapewa kitambulisho.