Moshi Ukihama Mlangoni Petu

Wasomaji wetu, mwezi huu twataka kunena juu ya moshi, na hasa juu ya swali moja tuliloulizwa na mtoto, ambalo mpaka leo hatujalipatia jibu la kuturidhisha.

Kiangazi cha mwaka mmoja, si zamani sana, watu wa mtaa wetu hapa Morogoro walikutana chini ya mwembe kwa ajili ya matanuru ya matofali yaliyokuwa karibu na shule. Kila mtu wa nchi hii aijua kazi ile. Matofali mabichi hupangwa yakapanda kama nyumba isiyo na mlango, chini huachwa matundu ya kutilia magogo, nje hukandikwa udongo, kisha moto huwashwa, nao huendelea mchana na usiku kwa siku kadhaa. Kuni zikipungua hutiwa pumba za mpunga. Asubuhi, kabla jua halijapanda juu ya Uluguru, hewa hutulia, na moshi ukikosa pa kwenda hulala juu ya mapaa na kuingia madarasani. Watoto wenye pumu walikaa nyumbani. Sisi tulifundisha madirisha yamefungwa, katika joto, tukisimama kila mara kungoja kikohozi kipite.

Basi tukaandika barua. Wazazi wakatia sahihi zao, barua ikapelekwa ofisi ya kata, na wazee wawili wakaifuata kwa miguu mara tatu ili isilale mezani. Mwezi haujaisha, matanuru yakahamishwa. Jumapili ile tulimshukuru Mungu, na twasema kweli, tulijiona watu wa maana.

Mwaka uliofuata, msichana mmoja wa darasa la nne, akaaye ng'ambo ya kijito, alitukabidhi daftari lake, nalo lilinuka moshi. Tulipomwuliza, alisema kwamba matanuru sasa yako nyuma ya nyumba yao. Kisha akauliza, kwa adabu na bila uchungu wo wote, kama mtu aulizaye njia: "Mwalimu, na sisi barua yetu tumpelekee nani?"

Wako watakaosema kwamba moshi ni moshi tu, na mama zetu wamepika ndani yake miaka yote wakatulea. Ni kweli wametulea. Lakini ni wangapi kati yao tuliwazika wakikohoa, na hatukuuliza sababu? Madaktari watuambia kwamba katika moshi zimo chembe nyembamba kuliko unywele mara nyingi, zipitazo mapafuni hata zikafika damuni, na Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba hewa chafu, ya nje na ya jikoni pamoja, huua watu wapatao milioni 7 kila mwaka. Hilo tuliache hapo, maana si ndilo tulilotaka kulibishania.

Wako wengine wajibuo kwa akili zaidi. Husema, kila mtu na alinde mlango wake. Watu wa ng'ambo nao wakichoka wataandika barua yao. Jibu hili twaliona ni pungufu. Katika mtaa wetu mna walimu, mna karani na mwuguzi, watu wajuao namna ya kuandika barua na mlango wa kuipeleka. Ng'ambo ya kijito wengi ni wapangaji, hawakai mahali pamoja miaka miwili, na baadhi yao ndio hao hao wachomao matofali kwa ujira. Ikiwa moshi huondoka palipo na kalamu ukaenda pasipo na kalamu, basi barua yetu haikufanya kazi ya haki. Ilifanya kazi ya upepo.

Jambo hili halikuanza kwetu. Mwaka 1988 watu wa Tabata, Dar es Salaam, Joseph Kessy na wenzake, waliishtaki Halmashauri ya Jiji katika Mahakama Kuu. Takataka za mji zilikuwa zikimwagwa na kuchomwa karibu na nyumba zao, nao wakaishi katika moshi, uvundo na nzi. Mahakama ikawapa haki, ikaamuru takataka zisimwagwe tena pale. Halmashauri haikutii, iliomba kuongezewa muda, ikaomba tena, hata mwaka 1991 Jaji Lugakingira akakataa, akaeleza kwamba chombo cha umma hakina ruhusa ya kuhatarisha maisha ya watu ambao Katiba imewapa haki ya kuishi. Wanafunzi wa sheria husoma kesi ile hata leo, na yastahili kusomwa, maana watu wasio na cheo cho chote walisimama mbele ya wakubwa wa mji miaka mitatu wasichoke.

Lakini tazama yaliyofuata. Jaa la Tabata lilipofungwa, magari ya taka yalielekea Vingunguti, baadaye Mtoni, na baadaye Pugu Kinyamwezi. Huko nako wako watu. Je, watu wa Tabata walitenda vibaya? Hatudhani. Mtu asongwaye na moshi hawezi kuambiwa angoje mpaka dunia nzima iwe safi ndipo avute pumzi. Tena hoja waliyoshinda nayo haikuwa ya Tabata peke yake. Ni ya kila mwenye mapafu, na mtu wa Vingunguti aliweza kuishika vile vile, kama angalipata wa kumwonyesha. Kosa huingia pale mshindi aifanyapo haki hiyo kuwa ua wa nyumba yake. Wahenga walisema, mkuki kwa nguruwe, kwa mwanadamu mchungu. Nasi chini ya mwembe wetu tuliujua uchungu wa mkuki, tukausukuma mbali, wala hatukutazama umeelekea wapi.

Kwa jirani zetu wa Kenya uko mfano ambao watufaa zaidi. Katika mtaa wa maskini uitwao Owino Uhuru, Mombasa, palikuwa na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari ili kupata madini ya risasi. Mama mmoja aliyefanya kazi humo, Phyllis Omido, mtoto wake aliugua, na damu yake ilipopimwa ikaonekana ina risasi, sumu iharibuyo akili za watoto. Aliacha kazi, akawakusanya majirani, wakaandamana. Mwaka 2012 alikamatwa na kushtakiwa, kisha akaachiliwa na mahakama. Mwaka 2014 kiwanda kikafungwa. Wengi wangalirudi nyumbani hapo. Wao hawakurudi, walikwenda mahakamani kuuliza nani atawalipa waliougua na nani atausafisha udongo. Mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.3, na deni hilo ikawagawia wenye kiwanda pamoja na vyombo vya serikali vilivyopaswa kuwazuia. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufani ikaitengua fidia ile; Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Watu wale, basi, hawakuridhika na kuondoka kwa moshi. Walimtafuta aliyefaidika nao.

Nasi tulipoanza kumtafuta aliyefaidika na moshi wetu, tulikwama upesi. Kuta za shule yetu ni za matofali ya kuchoma. Nyumba zetu ni hivyo hivyo, na kanisa tulilomshukuria Mungu siku ile. Mchomaji hana gari wala akiba. Faida yake ni ndogo, na kifua chake ndicho cha kwanza kuingiwa na moshi. Tuliyataka matofali, tukauchukia moshi, kisha tukamkabidhi moshi huo mtu tusiyemjua jina.

Watu wa mjini twafanya vivyo hivyo juu ya milima. Karibu na mwezi wa tisa na wa kumi moto huonekana usiku mitelemkoni, na asubuhi majivu huanguka mjini. Ndipo husikiwa maneno: Waluguru watatumaliza. Moto ule wadhuru kweli, hewa na msitu na chemchemi za Ruvu, ambao maji yake hunywewa na Dar es Salaam. Lakini twasahau kwamba amri ilikwisha kujaribiwa. Baada ya Vita Kuu ya Pili serikali ya Waingereza iliwaamuru watu wa Uluguru walime kwa matuta ya ngazi, ikazuia kuchoma mashamba, ikawaadhibu wasiotii. Nia iliyotajwa ilikuwa njema: udongo usiporomoke, na maji yashukayo tambarare yasiharibike. Taabu yote ilikuwa ya watu wa juu. Kuchimba ngazi kulitoa juu udongo mbaya wa chini, mazao yakapungua, na walioshika jembe zaidi walikuwa wanawake. Julai 1955 watu walikusanyika Matombo kukataa. Polisi wakapiga risasi, mtu mmoja akafa. Mpango ukaachwa.

Yapata miaka hamsini baadaye, mashirika ya CARE na WWF yalikwenda katika vijiji vya Kibungo Juu, na wakulima wakachimba matuta ya ngazi kwa mapatano, wakilipwa fedha zilizotolewa na watumiaji wa maji walio chini, yaani shirika la maji la Dar es Salaam na kiwanda cha soda cha Coca-Cola. Mlima ni ule ule, na jembe ni zito vile vile. Safari hii aliyebeba taabu aliulizwa, na aliyenufaika akatia mkono mfukoni.

Tulipokwisha kuyafikiri haya tulivuka kijito, walimu watatu na wazee wale wawili wa barua. Wachomaji walitupa viti, nao wakasimama. Mkubwa wao alisema: "Karibuni, walimu. Siku ile mlipotuhamisha hamkutuuliza kama na sisi tuna watoto shuleni kwenu." Hatukuwa na la kujibu. Baada ya maneno mengi walikubali kusogea mpaka upande wa mashamba, mbali na nyumba zote, na kuchoma zaidi wakati wa likizo ya Juni. Lakini huko gari halifiki bila gharama, na tofali sharti liongezwe bei kidogo. Wakatuuliza kama wanunuzi watakubali. Wazee walitazamana. Mmoja wao alikuwa akijenga.

Matanuru mengi sasa yamehama. Moja lingali linawaka karibu na kijito, na yule msichana, aliye darasa la sita, bado huja na madaftari yenye harufu ile. Mwenye tanuru asema ataondoka akimaliza matofali yaliyokwisha kulipiwa. Tulipomwuliza yamelipiwa na nani, alishangaa kwamba hatujui: ni ya vyoo vipya vya shule yetu.