Kitufe Kikae Upande Gani?

Gari lililofungwa sabufa vizuri lina sehemu mbili za kuongoza besi, na wengi wetu tunaijua moja tu. Tunayoijua ni kitufe kidogo cha kuzungusha kinachobandikwa kwenye dashibodi, karibu na mkono wa dereva. Ukikizungusha kulia besi inapanda, ukikizungusha kushoto inashuka. Sehemu ya pili iko nyuma kwenye buti au chini ya kiti, ubavuni mwa ampu. Ni skrubu ndogo ambayo mafundi huiita geini. Skrubu hiyo huguswa siku gari linapofungwa muziki, kisha inasahaulika.

Kazi ya geini si kuongeza sauti, ingawa wateja wengi wanaamini hivyo. Geini inaoanisha nguvu ya sauti inayotoka kwenye redio na kiasi ambacho ampu inaweza kukipokea bila kuiharibu. Fundi makini huipanga hivi: anazima nyongeza zote za besi kwenye redio, anapandisha sauti ya redio hadi kama robo tatu, anafungua kitufe cha dashibodi mpaka mwisho, halafu anaipandisha geini polepole kutoka sifuri. Sauti ikianza kukwaruza, anarudi nyuma kidogo na kuiacha hapo. Wahenga waliosema ngoma ikivuma sana hupasuka hawakuwahi kuona ampu, lakini walieleza sawasawa kinachotokea fundi asiporudi nyuma: wimbi la sauti linakatwa kichwa, koili ya spika inapata moto, na siku moja inaungua.

Kuna vitufe vya aina nyingine ambavyo huongeza besi juu ya kiwango alichoweka fundi, lakini kitufe cha kawaida cha kuongoza sabufa hakina uwezo huo. Fundi akishamaliza, kazi ya kitufe hicho ni kupunguza tu. Dereva akikifungua mpaka mwisho, anafika pale fundi alipoamua na hapiti.

Kwa hiyo watu wawili wanaamua besi ya gari iwe kubwa kiasi gani. Mmoja anaamua mara moja, akiwa gereji, kichwa kimetulia. Mwingine anaamua kila siku, akiwa barabarani. Nani kati yao anawajibika kwa watu watakaoipata besi hiyo bila kuiomba?

Swali hili ni rahisi kulijibu kwa haraka ukiwa mjini, ambako kelele ni nyingi na kila mtu amezoea. Tulipeleke Masieda. Masieda ni kata ya Mbulu, mkoani Manyara, nchi ya Wairaqw wakulima na wafugaji. Ukielekea Hanang unakutana na Wadatoga na mifugo yao. Ukishuka bonde la Yaeda unawakuta Wahadzabe, ambao mpaka leo wapo wanaomfuata ndege mwonyesha asali kwa mlio wake mpaka kwenye mzinga. Huku sikio ni chombo cha kazi. Mchungaji anajua ng'ombe wake walipo kwa kengele, na mtembea kwa miguu kwenye njia ya vumbi anajua pikipiki inakuja kabla hajaiona.

Sasa weka Noah moja kwenye barabara hiyo, inaelekea Haydom, ambako kuna hospitali ya Kilutheri iliyofunguliwa mwaka 1955 na ambayo watu wa ukanda mzima huikimbilia. Siku ya kawaida ndani ya gari kama hilo unaweza kumkuta mama mjamzito, mzee anayerudi kliniki, vijana wawili wanaokwenda mnadani, mwanafunzi, na kuku. Sabufa iko nyuma, chini ya kiti cha mwisho. Kitufe kiko mbele. Anayekizungusha amekaa mbali kuliko wote na kitu anachokiongoza, na aliyekikalia kitu hicho hafikii kitufe. Mama wa nyuma akitaka ahueni lazima apaze sauti kuishinda besi yenyewe: "Mwanangu, tupunguzie kidogo." Akisikika, konda mwenye adabu atasema, "Sawa mama." Asiposikika, au akiona haya, atavumilia mpaka Haydom.

Watu wana methali ya kumnyamazisha mtu kama huyu: pilipili usozila zakuwashiani? Mambo yasiyokuhusu, yakuumize kwa nini? Katika mambo mengi methali hiyo ina haki. Mtu akivaa nguo usiyoipenda, geuza macho. Jicho lina kope, sikio halina. Besi ni pilipili ya ajabu, inamwasha hasa asiyeila. Anayeila ameichagua, anaufahamu wimbo, anajua mapigo yatakapokuja, na mwili wake unayasubiri kwa furaha. Asiyeichagua anapata mapigo bila wimbo.

Hapo siongei kwa mafumbo. Sauti husafiri karibu mita 343 kwa sekunde hewani. Besi ya hezi 40 ina wimbi lenye urefu wa zaidi ya mita 8, yaani refu kuliko Noah yenyewe. Sauti nyembamba, kama ya mwimbaji au gitaa, huzuiwa kwa kiasi kikubwa na vioo, viti na miili ya watu. Besi inatikisa bati la gari na kutoka. Ndiyo maana gari likipita nje ya nyumba yako usiku unasikia "duu, duu" peke yake: wimbo umebaki ndani na wenye gari, wewe umeletewa mtetemo. Zaidi ya hayo, sauti nzito hufunika sauti nyembamba kwa urahisi kuliko sauti nyembamba inavyoweza kufunika nzito. Kengele ya ng'ombe, honi ya bodaboda na mama anayeomba kushuka huzama chini ya besi.

Lakini kesi ya upande wa pili ni nzito, na ni dhambi kuipuuza. Dereva wa njia hizi anaamka alfajiri na anaendesha siku nzima kwenye makorongo. Muziki unamweka macho. Kwa kijana aliyekulia mbali na umeme wa gridi na kumbi za starehe, gari lenye sabufa ni tamasha linalopita mlangoni, na pengine ndiyo mahali pekee ambapo muziki wa kizazi chake unasikika kama ulivyokusudiwa. Nairobi, matatu zimeshindana kwa muziki kwa miongo mingi, na abiria vijana huacha gari tupu lipite wakisubiri lenye mziki mnene. Hiyo ni biashara, lakini pia ni sanaa. Tena neno "kelele" mara nyingi hutamkwa na mwenye mamlaka dhidi ya asiye nayo. Gari la matangazo ya kampeni linapita na spika nne juu ya paa na hakuna anayeitwa mhuni. Spika za harusi na za mikutano ya injili zinakesha. Kwa nini kijana wa Noah ndiye aambiwe hana ustaarabu?

Na mtu anaweza kuendelea: mbona ngoma zetu zilikuwa na kishindo, na hakuna aliyelalamika? Mwili wa binadamu unapenda mapigo mazito tangu zamani. Nakubali. Ila ngoma ya kijijini ilikuwa na siku yake na uwanja wake, na aliyetaka alikwenda. Aliyekuwa na mgonjwa ndani alijulikana, na majirani walijua la kufanya. Sabufa ya gari imeichukua ngoma ikaiwekea magurudumu. Haijui imepita mlango wa nani.

Basi tuseme tunamwachia dereva. Awe mwungwana, atazame abiria wake, apunguze inapofaa. Uungwana ni vitendo, na kitufe kipo mkononi mwake. Nilipokuwa nalifikiria jambo hili, hapa ndipo niliposita zaidi, kwa sababu ya namna sikio linavyofanya kazi. Sikio lililokaa muda kwenye sauti kubwa huchoka na kupoteza usikivu kwa muda. Sauti ileile iliyokuwa kubwa saa mbili asubuhi inaonekana ya kawaida saa nne, na kufikia saa sita inaonekana ndogo. Dereva anaongeza kidogo, kisha kidogo tena, bila nia mbaya yoyote. Abiria aliyepanda sasa hivi akitokea kwenye ukimya wa shamba anaingia na sikio zima, na anapigwa na kitu ambacho dereva anaapa hakipo.

Hii ina maana kwamba katika gari zima, aliyepewa kitufe ndiye mwamuzi dhaifu kuliko wote, kwa kuwa kipimo chake kinaharibiwa na kilekile anachokipima. Kumwambia awe mwema hakutoshi, kama ambavyo haitoshi kumwambia aliyelewa ajipimie mwenyewe. Naye ndiye anayeumia kwanza. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba mtu mzima anaweza kusikiliza sauti ya desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki bila hatari kubwa, na kila zinapoongezeka desibeli 3 muda huo unakatwa nusu. Abiria anashuka Haydom. Dereva anarudi na mzigo wote, leo, kesho na keshokutwa.

Sheria ipo. Tanzania ina Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, na kanuni zake za mwaka 2015 zinahusu kelele pamoja na mitetemo, jambo linaloonyesha kwamba walioziandika walielewa kuwa sauti nyingine huingia kwa mwili wote. Lakini kanuni ya desibeli inahitaji mtu mwenye kipimo, na mtu huyo hakai kwenye njia ya Masieda akisubiri Noah.

Ndiyo maana ninarudi gereji, kwenye ile skrubu. Kenya ilipoleta kanuni za matatu mwaka 2004 chini ya waziri John Michuki, jambo mojawapo lilikuwa kufunga vidhibiti mwendo. Mantiki yake ni kwamba kuna maamuzi ambayo ni heri yafanywe gari likiwa limesimama. Mwendo wa juu uamuliwe na mtu asiyechelewa, asiyeshindana na gari la nyuma, asiye na abiria anayepiga bati. Geini ni kidhibiti mwendo cha besi. Fundi ana sikio ambalo halijachoka, na ana uwezo ambao dereva hatakuwa nao tena akishatoka pale.

Fundi atasema: mimi nalipwa na mwenye gari, nafanya anachotaka. Fundi wa breki hawezi kusema hivyo. Mwenye gari akimwambia afunge breki za kubahatisha kwa sababu ni nafuu, fundi anajua kwamba breki hizo zitawahusu watoto wanaovuka barabara ambao hawajamlipa hata shilingi. Kazi ikishawafikia watu wasiokuwepo wakati wa mapatano, fundi anakuwa na deni kwao pia. Sabufa haiui kama breki mbovu, na deni lake ni dogo kwa kiasi hicho, lakini udogo haulifuti.

Kuna pingamizi moja la kifalsafa ambalo linanisumbua. Kama fundi ameweka kikomo, dereva anayekaa chini yake hana sifa yoyote. Hajawa mwema, amezuiwa tu. Hilo ni kweli kwa kile kilicho juu ya kikomo. Chini ya kikomo bado kuna nafasi kubwa, na kitufe bado kinafanya kazi. Fundi amemwondolea dereva uwezo wa kuwatesa watu. Hajamwondolea uwezo wa kuwajali. Kupunguza mama mjamzito anapopanda, kuzima kabisa gari linapopita penye msiba, kupandisha tena vijana wanapobaki peke yao jioni: hayo hayawezi kupangwa kwa bisibisi.

Na ili hayo yawezekane, kuna jambo moja ambalo fundi anaweza kulifanya bila kumwongezea mteja gharama. Waya wa kitufe, mwembamba kama wa simu ya mezani, hupita chini ya zulia kutoka kwenye ampu kwenda mbele. Hakuna sheria ya umeme inayosema lazima ufike kwa dereva. Katika gari la abiria unaweza kuishia katikati, karibu na mlango anapokaa konda, mahali ambapo mzee wa kiti cha nyuma anaweza kumgusa bega na kusikika. Dereva atabaki na redio yake. Besi itaongozwa na mtu anayeipata kwa nguvu ileile wanayoipata abiria.

Itabidi fundi aulize swali ambalo kwa kawaida haliulizwi. Mteja akifika na sabufa mpya kwenye boksi, maswali huwa ni wati ngapi, inchi ngapi, betri itahimili au haitahimili. Kabla hajachukua bisibisi, aulize na hili: gari lenyewe linabeba nani?