Doa Katika Jicho la Evelyn

Mtazamaji mzoefu wa kibanda umiza hangoji muvi ya upelelezi iishe ndipo amjue adui. Akiingia mwanamke mrembo ofisini kwa mpelelezi, kavaa vizuri na kuna jambo analificha, hukumu imekwisha kutoka. Filamu ya Chinatown ya mwaka 1974, iliyoandikwa na Robert Towne na kuongozwa na Roman Polanski, inayajua mazoea hayo na inayategea mtego. Evelyn Mulwray, anayeigizwa na Faye Dunaway, ana kila dalili ya mwanamke wa kuponza: mumewe kafa maji, maneno yake hayanyooki, na baba yake akitajwa tu anawasha sigara ilhali nyingine bado inawaka. Mpelelezi Gittes anaokota miwani kwenye bwawa la maji ya chumvi nyumbani kwa Evelyn, basi kesi kaifunga. Anamzaba makofi mpaka mama wa watu anatamka lisilotamkika: msichana anayemficha ni mwanawe na ni mdogo wake, kwa kuwa aliyemzalisha ni baba yake mzazi, tajiri Noah Cross. Na miwani ile ni ya Cross.

Ndiyo maana nasema mwanamke wa kuponza hutengenezwa kwanza na jicho linalomtazama. Katikati ya filamu Gittes anaona doa jeusi kwenye mboni ya Evelyn, naye anamjibu kuwa ni kasoro ya kuzaliwa. Mwishoni risasi ya polisi inatokea kwenye jicho hilohilo. Hapa Sumbawanga, mji ambao wengi hulieleza jina lake kuwa ni amri ya Kifipa ya kutupa uchawi, habari ya jicho haihitaji mkalimani. Katika nchi hii vikongwe wameuawa, Usukumani zaidi, wakidaiwa kuwa wachawi, na mara nyingi ushahidi umekuwa macho mekundu. Mwanamke aliyeinama miaka hamsini juu ya mafiga, akipuliza kuni mbichi kwenye jiko lisilo na dirisha, atakuwa na macho ya rangi gani? Tena kwa baridi ya Ufipa ya Juni na Julai, moto hauzimwi kwa kuwa ugali umeiva. Moshi unaonekana na kila mpita njia, ila anayetafuta mchawi hana haja nao, kama Gittes asivyojiuliza miwani ile inamkaa nani usoni.

Atatokea wa kusema wanawake wabaya wapo, na filamu haina kosa kuwaonyesha. Wapo, hilo silikatai. Matty Walker wa Body Heat ya mwaka 1981 anapanga mauaji ya mumewe na fedha anazichukua. Lakini tazama mkono ulioua: ni wa wakili Ned Racine, mtu mzima mwenye elimu ya sheria, aliyemtaka mke wa mtu pamoja na mali yake. Kumwita aliyeponzwa ni kumpa msamaha ambao hakuuomba hata yeye mwenyewe. Mwingine atadai kwamba hofu ya mwanamke mgeni ni ya asili, hata wazee wetu walikuwa nayo. Hapo Ufipa yenyewe inamkatalia. Masimulizi aliyoyakusanya mwanaanthropolojia Roy Willis yanaeleza kuwa mfalme Ntatakwa wa Milansi alikwenda kuwinda, nyuma wakaja wanawake wageni wakakikalia kigoda chake. Ni kisa kilichoiva kwa filamu ya kulipiza kisasi. Wasimulizi hawakuwafanya wachawi wala hawakuwaua mwishoni. Mfalme alibaki na Milansi yake na heshima ya mambo ya jadi, utawala wa nchi ukaenda kwa wageni, na ukoo wao wa Watwaci ndio uliotawala Nkansi na Lyangalile, tawala za Ufipa.

Kwa hiyo Wafipa waliwahi kumtazama mwanamke aliyetwaa kiti wakamwita mwanzilishi wa utawala. Gittes alimtazama mama anayemlinda mtoto akamwita muuaji, na kwa kosa hilo Evelyn analala maiti juu ya usukani huku Noah Cross akimfunika msichana macho kwa kiganja na kuondoka naye. Hakuna polisi anayemzuia.