Taa ya Tangi la Mimea na Swali la Rangi ya Kweli

Taa za LED zinazouzwa kwa ajili ya matangi ya mimea ya majini huwa na namba ubavuni mwa boksi: 2700K, 4000K, 6500K, 10000K. Namba hiyo ni halijoto ya rangi, na kipimo chake ni kelvini. Asili yake inajulikana na kila mhunzi: chuma kikiingia motoni huwa chekundu kwanza, kisha cha rangi ya machungwa, kisha njano, na moto ukizidi kinaelekea weupe. Taa ya 2700K ni ile ambayo mwanga wake unafanana na wa kitu cheusi kilichopashwa moto hadi kelvini 2700. Ndiyo maana namba ndogo hutoa mwanga wa njano, ambao watu huuita wa joto, na namba kubwa mwanga wenye ubluu, ambao huitwa wa baridi, kinyume kabisa cha mambo yalivyo kwenye tanuri.

Kufanana huko ni kwa jicho la binadamu tu. Taa mbili zenye 6500K zinaweza kuwa na michanganyiko tofauti kabisa ya miali. LED nyeupe ya kawaida hutoa bluu ya karibu nanomita 450, kisha unga wa njano uliopakwa juu ya kiini chake hugeuza sehemu ya bluu hiyo kuwa njano na wekundu kidogo. Tyubu ya fluoresenti hutoa rangi zake katika vipande vichache vyembamba vya wigo. Jicho haligundui tofauti, kwa sababu lina aina tatu tu za seli za kupokea rangi, na kinachofika kwenye ubongo ni jumla yake. Kelvini ya taa, basi, ni hukumu ya jicho iliyovikwa namba za fizikia. Hapo ndipo jambo la dukani linapogeuka la falsafa: taa huchaguliwa kwa niaba ya nani, mmea, samaki au mtazamaji? Na kama kila taa huonyesha jani kwa rangi yake, ipi ndiyo rangi ya jani lenyewe?

Mmea una jibu lake. Mwaka 1882 Theodor Wilhelm Engelmann, mwanasayansi wa Kijerumani, alitandaza wigo mdogo wa rangi za mwanga juu ya uzi wa mwani chini ya hadubini, katika tone la maji lenye bakteria wanaofuata oksijeni. Bakteria walijazana penye mwanga mwekundu na penye bluu, na penye kijani wakawa wachache. Tangu hapo imeenea imani kwamba mwanga wa kijani ni bure kwa mmea. Imani hiyo imepitiliza: K. J. McCree alipopima majani ya mazao mbalimbali, katika utafiti aliouchapisha mwaka 1972, alikuta kijani nacho kinatumika kwa kiasi kikubwa katika usanisinuru. Kwa hiyo mimea ya tangini hustawi chini ya 3000K na hustawi chini ya 10000K, mradi mwanga uwe wa kutosha, na kabonidioksidi na virutubisho visipungue. Mwani ukianza kutanda kwenye kioo, dawa ni kupunguza saa za kuwasha taa au ukali wake. Kubadilisha kelvini peke yake hakusaidii sana.

Wanaoshikilia 6500K huwa na hoja nyingine: huo ni mwanga wa mchana, kwa hiyo ndio wa asili. Lakini mchana hauna namba moja. Jua la adhuhuri ni kama kelvini 5500. Kivuli kinachoangazwa na anga la buluu tupu hupita 10000. Jua la magharibi hushuka chini ya 3000. Maji nayo yana lao. Maji safi humeza wekundu kwanza, ilhali maji meusi ya Rio Negro, yaliyokolea rangi ya majani yaliyooza, humeza bluu na kuacha wekundu. Jani lililo mtoni hupitia mianga hiyo yote tangu alfajiri hadi machweo, na hakuna saa hata moja inayoweza kudai kuwa ndiyo iliyolionyesha lilivyo.

Falsafa imelijua tatizo hili kwa muda mrefu. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, alifundisha kwamba gizani rangi ipo kwa uwezekano tu. Mwanga ndio unaoifanya iwepo kwa utendaji. John Locke, katika kitabu chake cha 1689, aliitenga rangi na umbo: umbo limo katika kitu, lakini rangi ni nguvu iliyo ndani ya kitu ya kuamsha hisia fulani kwa anayetazama. George Berkeley alikwenda mbali zaidi. Katika majadiliano aliyochapisha mwaka 1713 alitumia hoja kwamba vitu huonekana kwa rangi moja kwenye mshumaa na nyingine mchana, akahitimisha kuwa rangi haimo kwenye vitu kabisa, imo akilini mwa anayeona.

Hitimisho la Berkeley linaonekana gumu kupinga hadi linapopelekwa Ghuba ya Mwanza. Humo wanaishi furu wa jenasi ya Pundamilia. Dume la Pundamilia pundamilia lina ubluu wa kijivu na hukaa karibu na uso wa maji. Dume la Pundamilia nyererei, spishi iliyopewa jina la Mwalimu Nyerere mwaka 1985, ni jekundu mgongoni na hukaa chini zaidi, ambako maji yenye tope yameshachuja bluu na mwanga uliobaki umeegemea wekundu. Majike ya spishi zote mbili yanafanana sana, nayo huchagua mume kwa rangi. Ole Seehausen na wenzake waliyaweka majike hayo kwenye matangi. Chini ya mwanga mweupe kila jike lilipendelea dume la aina yake. Chini ya mwanga wa rangi ya machungwa tupu, uliofuta tofauti ya rangi kati ya madume, upendeleo ukatoweka. Ziwani pia imeonekana hivyo: kuzunguka Kisiwa cha Makobe, penye maji maangavu kiasi, spishi hizo mbili zinatofautiana wazi, lakini kuzunguka Kisiwa cha Luanso, penye tope zito, wapo samaki wa rangi za katikati waliochanganyika.

Magamba ya madume hayakubadilika taa ilipobadilishwa. Uwezo wake wa kurudisha mwanga fulani na kumeza mwingine ulibaki palepale, na hapo Locke yuko sahihi. Kilichopotea ni rangi kwa maana ya Ibn Sina, ile inayotokea pale kitu na mwanga vinapokutana. Lakini kupotea kwake hakukuishia akilini mwa jike. Kulibadilisha nani anazaa na nani, na kwa muda mrefu hubadilisha kama spishi ni mbili au moja. Jambo lenye matokeo ya namna hiyo haliwezi kuitwa ndoto ya mtazamaji.

Kipimo kinachofaa kutokana na hayo si ukaribu wa taa na jua. Mwanga ulio mkweli zaidi ni ule unaoacha tofauti nyingi zilizomo kwenye vitu zionekane, na mwanga mwongo ni ule unaozifuta. Namba iliyo karibu na kipimo hicho, ingawa si sawasawa nacho, ni kielezo cha uonyeshaji wa rangi, ambacho mwisho wake ni 100 na ambacho huandikwa kwenye boksi kama Ra. Taa ya 6500K yenye Ra ya 70 huyafanya majani mekundu ya Rotala yaonekane ya kahawia, yakapotea kati ya mabua. Ya 4000K yenye Ra ya 95 huyatokeza wazi. Mnunuzi anayetazama kelvini peke yake ameuliza mwanga una sura gani, hajauliza unaonyesha nini.

Hata hivyo kielezo hicho nacho kimetungwa kwa jicho la binadamu, na samaki ana jicho jingine. Samaki wadogo wa maji meusi, kama neoni, hutulia kwenye mwanga hafifu ambao mtazamaji huuona wa huzuni na ambao mimea mingi huona haba. Hakuna taa inayoridhisha pande zote tatu. Wengi hupatana kwa kuelemeza mimea ya kuelea upande mmoja wa tangi ili samaki wapate kivuli. Mwenye kufuga furu hana nafasi kubwa ya kupatana: akiweka spishi zile mbili chini ya taa yenye wigo mwembamba, vifaranga atakaowapata huenda wasiwe wa upande wowote.